Mtu wa IT Aende Ghalani

Wazee wangu mliotangulia kwenye kazi hii, shikamooni. Vijana, habari za mchana.

Mshereheshaji amenitambulisha kuwa mimi ni mtaalamu wa kompyuta. Namshukuru kwa heshima hiyo, ila nina miaka minane sijafungua kasha la kompyuta, na seva ya mwisho niliyoigusa kwa mikono yangu tulimuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu. Kadi yangu ya kazi imeandikwa Msimamizi wa Michakato, yaani hatua ambazo kazi inapita kutoka mkono hadi mkono. Mama yangu akiulizwa bado anasema binti yake anatengeneza kompyuta, na nimeshaacha kumsahihisha, maana nikimweleza ninachofanya ananiuliza, "Sasa hiyo nayo ni kazi?"

Niliajiriwa mwaka 2003 na kampuni moja ya kusambaza bidhaa hapa Dar es Salaam. Mafuta ya kula, sabuni, unga, viberiti. Sitaitaja jina, kwa sababu nitakayoyasema si mazuri yote, na mengine niliyaharibu mimi. Nilikabidhiwa chumba cha seva. Kilikuwa na kiyoyozi wakati mhasibu mkuu mwenyewe anapepewa na feni, basi mchana wa Februari ungeshangaa ni watu wangapi wana matatizo ya kompyuta yanayowalazimu kuja kuyaeleza humo ndani. Umeme ukikatika nilikuwa na dakika kumi na mbili za kuzima mashine kabla betri haijaisha. Na kila jioni nilitoa mkanda wa kuhifadhia kumbukumbu nikaondoka nao, ili ofisi ikiungua usiku hesabu zisiungue nayo. Nimepanda daladala ya Mbagala miaka na miaka nikiwa na vitabu vyote vya kampuni kwenye mkoba, nimebanwa kati ya mlango na ndoo ya samaki.

Ilibidi iwe hivyo. Intaneti tulikuwa tunaipata kwa satelaiti, ghali na ya kukatikakatika, na hakuna mkurugenzi ambaye angekubali hesabu zake zikae ng'ambo halafu azisubiri zifunguke kama anasubiri pilau liive. Ilipofika Julai 2009 mkongo wa SEACOM, waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, ukafika Dar es Salaam na Mombasa, na mwaka uliofuata ukaja mwingine, EASSy. Wakati huo kampuni ya Amazon walishaanza kukodisha seva kwa njia ya intaneti tangu 2006. Waliokuwa wakikodisha mashine kule na sisi tuliokuwa na kiu huku tukawa tumepata njia ya kukutana. Kwanza tukahamisha barua pepe, baadaye mishahara, mwisho hesabu zenyewe. Sisi wenye ufunguo wa chumba chenye kiyoyozi tulishangilia kasi ya intaneti kuliko mtu yeyote. Tulikuwa tunashangilia kuondoka kwa kazi yetu.

Lakini hatukufukuzwa wote, na hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Swali ndilo lililobadilika. Zamani meneja alipiga simu kuuliza, "Mfumo umewaka?" Ukijibu umewaka, amemaliza na wewe. Siku hizi anauliza, "Kwa nini mteja wa Morogoro anangoja siku sita mzigo ambao ghalani upo?" Hilo huwezi kulijibu kwa kuwasha na kuzima. Ili ulijibu lazima ujue oda inapokelewa na nani, inaidhinishwa na nani, karatasi ipi inangoja karatasi ipi, na nani huwa anatoka mapema Ijumaa.

Nitawapa kisa kimoja, na mkosaji ndani yake ni mimi.

Mwaka 2016 tulifunga mfumo mpya wa kompyuta wa stoo na mauzo. Mkali kweli, hauruhusu mchezo: huwezi kupokea mzigo ghalani kama hakuna LPO, ile hati ya kuagiza mzigo, ndani ya mfumo, na huwezi kuuza ambacho hujakipokea. Kwenye karatasi ni sahihi kabisa. Wiki ya kwanza tu, saa moja asubuhi, kijana wa mauzo akanipigia. "Dada, mfumo unakataa. Mteja yuko hapa, ndoo mia mbili za mafuta ziko hapa naziona kwa macho, mfumo unasema sifuri." Nikafungua mipangilio, nikakuta kisanduku kinachoruhusu kuuza hata kama stoo inasoma sifuri. Nikaweka tiki. Sekunde tatu. Mauzo yakaendelea, nikasifiwa kwenye kikao cha Jumatatu, na nikaamini nimefanya kazi.

Nilichokuwa nimefanya ni hiki. Mfumo ukiuza ndoo usiyoijua, hauna bei yake ya kununulia, kwa hiyo unachukua ya zamani. Tuseme ndoo ya zamani ilinunuliwa kwa 55,000, hii mpya kwa 62,000, na tunaiuza 66,000. Faida ni 4,000. Mfumo ukaandika 11,000. Fanya hivyo ndoo kwa ndoo, miezi mitatu, bei ya mafuta inapanda. Sasa wale vijana wa mauzo walikuwa wanalipwa kamisheni kwa faida. Wakalipwa nzuri. Mhasibu mkuu alipogundua, wakaambiwa warudishe. Mmoja wao alishanunua bati, na bati lilishapigwa misumari.

Nikaitwa. Nikajitetea kwamba mfumo unafanya kazi vizuri, hakuna hitilafu. Na ilikuwa kweli! Hakukuwa na hitilafu yoyote ndani ya kompyuta. Mhasibu mkuu, mama mmoja mpole ambaye ukimwona hujui kama amekasirika, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mwanangu, hebu nenda ukalale ghalani."

Nikalala ghalani. Usiku nne, kwenye magunia, na mbu wa kule si wa mchezo. Nilichokikuta ni kwamba malori yanaingia kuanzia saa tano usiku, kwa sababu madereva wanakwepa foleni ya mchana. Ofisa manunuzi ameagiza mzigo kwa simu saa kumi jioni, kwa kuwa bei inapanda na akichelewa anaukosa. LPO yenyewe inaandikwa kesho yake, baada ya meneja kusaini, na meneja anaingia saa nne. Wenye maduka wa Tandika na Kariakoo wanafika kuchukua mzigo saa moja. Yaani kila siku, kuanzia saa moja mpaka saa nne, wateja wapo na ghala limejaa mafuta ambayo kwa kampuni hayajazaliwa.

Mtunza stoo alikuwa mzee mmoja wa miaka karibu sitini. Kwenye ile kompyuta tuliyompa alikuwa ameegemeza kioo chake cha kunyolea ndevu. Hesabu zake zilikuwa kwenye kaunta buku, lile lenye jalada gumu. Namba ya gari, jina la dereva, idadi ya ndoo, na safu moja ameiandika "zimevuja". Mistari mingine ilikuwa na alama ya kalamu nyekundu pembeni.

"Mzee, hizi nyekundu ni nini?"

"Hiyo ni mizigo isiyo na baba, mwanangu. Mzigo unazaliwa usiku, baba yake anakuja saa nne asubuhi na karatasi."

Nikawa nimekaa pale na shahada yangu. Tatizo nililolitibu kwa tiki yule mzee alikuwa analijua, analihesabu, amelipa jina, na hakuna mtu wa IT aliyewahi kumuuliza. Hata zile ndoo zilizovuja mfumo wetu haukuwa na mahali pa kuziweka. Yeye alizitenga kwenye kona, mwisho wa mwezi anabadilishana na msambazaji, juu kwa juu. Sisi kwenye skrini tulikuwa tunasoma ndoo 400. Nzima zilikuwa 397.

Dawa yake haikuwa programu. Tulikubaliana na wasambazaji kwamba gari halipakii kabla hawajapokea namba ya LPO kwa ujumbe wa simu. Meneja akapewa uwezo wa kuidhinisha akiwa popote, mradi kiasi kisizidi kiwango fulani. Mzee akapewa sehemu ya kuandika zilizovuja. Ndipo nikaondoa ile tiki. Kuiweka sekunde tatu, kuiondoa miezi mitano, kwa sababu ofisa manunuzi alipinga sana. Alisema tunamfunga mikono. Kununua kwa simu kulikuwa na uhuru wake, na sababu nyingine za kuupenda uhuru huo sitazisema hapa, wenye masikio wameshasikia.

Msidhani haya ni mambo ya ghala la Dar tu. Kampuni ya Ford, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilikuwa na watu zaidi ya 500 katika idara ya kulipa wasambazaji huko Amerika Kaskazini. Wakapanga kuleta kompyuta, wakapiga hesabu kwamba watabaki 400, wakafurahi. Wakaja kuangalia Mazda ya Japani, ambayo Ford walikuwa na hisa ndani yake, wakakuta kazi hiyo inafanywa na watu watano. Hata ukikadiria kwamba Mazda ni ndogo, tofauti hiyo haisemeki. Kisa hiki alikiandika Michael Hammer mwaka 1990, na Hammer alikuwa amefundisha kompyuta MIT, chuo kikuu cha teknolojia huko Marekani, kwa hiyo hakuwa mtu wa kuzichukia mashine.

Walipofuatilia wakakuta karani wa Ford analinganisha karatasi tatu: oda ya manunuzi, hati ya kupokea mzigo, na invoisi. Vitu 14 vyote vilipaswa kukubaliana, na muda mwingi wa watu 500 ulikuwa unaliwa na zile chache zisizokubaliana. Kompyuta waliyotaka kununua ingewasaidia kulinganisha haraka zaidi. Walichofanya mwishowe ni kuiondoa invoisi. Oda inaingia kwenye mfumo, gari likifika mpokeaji anatazama kama mzigo unaendana na oda. Ukiendana anaupokea na hundi inatoka. Usipoendana, gari linageuza. Watu wakapungua kwa asilimia 75.

Sasa mtaalamu mmoja alitujia na kisa hichohicho, miaka michache iliyopita, akiwa na picha nzuri ukutani, akatushauri tuondoe invoisi kama Ford. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mimi naamini, lakini yule tungemfuata tungeugua. Hapa Tanzania mashine za EFD, zile za kutoa risiti za kodi, ziliingia 2010, na ukitaka kudai VAT uliyolipa kwenye manunuzi, ile asilimia 18, lazima uwe na risiti ya EFD ya aliyekuuzia. Tarehe 20 ya mwezi unaofuata unawasilisha ritani ya kodi, na usipokuwa na risiti umeichangia serikali pesa ambayo haikukuomba. Kenya nao kuanzia Januari 2024 matumizi yasiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka yao ya kodi, hayakubaliki kupunguza kodi. Kwa hiyo kile kipande cha karatasi ambacho Ford waliona ni uchafu, kwetu ni pesa taslimu. Sisi tukafanya kinyume: dereva asipokuja na risiti, mzigo haushuki. Aliyetugundulia hilo ni binti wa IT aliyekuwa na mwaka mmoja kazini. Hakujua programu kuliko yule mtaalamu, ila aliwahi kukaa wiki mbili na mhasibu wa kodi akimsaidia kupanga risiti zilizofifia wino.

Ukiniuliza mtu wa IT wa leo anatakiwa kujua nini, nitakujibu hivi: ajue kwa nini risiti iliyofifia inauma. Ajue mteja akirudisha bidhaa baada ya risiti kutoka huwezi kuifuta, na jioni kuna ripoti ya Z, ile ya jumla ya mauzo ya siku, ambayo haidanganyi. Ajue kwamba mteja akilipa kwa Lipa Namba kwa kutumia simu ya shemeji yake, kuna mtu ofisini atakaa mpaka saa mbili usiku akitafuta hiyo 340,000 ni ya nani.

Na hapa niwatetee wale mnaopenda kompyuta kama mimi nilivyoipenda, maana naona sura zimeanza kununa. Ufundi haujafa. Wa usalama wa mifumo tunawatafuta kwa tochi. Na ukijua kanzidata, pale taarifa za mfumo zinapohifadhiwa, una silaha ambayo mhasibu hana. Wazungu wana fani yao nzima ya kuchimba michakato kutoka kwenye mifumo. Profesa Wil van der Aalst wa Uholanzi ndiye aliyeisimika, na Ujerumani kuna kampuni ya Celonis iliyoanza 2011 inauza hiyo. Bei yao sisi hatuiwezi, lakini mzizi wake ni safu tatu tu: namba ya oda, kilichofanyika, na saa kilipofanyika. Mfumo wowote unazo hizo. Zivute, zipange kwa saa, tazama.

Sisi tulizivuta. Tukaona uidhinishaji wa malipo kwa siku za kawaida unachukua dakika nne, tano, mtu anasoma. Ijumaa kuanzia saa tisa alasiri, malipo arobaini yanaidhinishwa moja kila sekunde mbili. Hakuna binadamu anayesoma invoisi kwa sekunde mbili. Mkubwa alikuwa amempa katibu muhtasi neno lake la siri, akaenda zake. Hakuna aliyeiba, nashukuru Mungu. Lakini ule ukuta wa kwamba anayeandaa malipo siye anayeyapitisha, ambao tuliulipia mamilioni, kila Ijumaa ulikuwa unalala. Mhasibu peke yake asingeliona kwa sababu karatasi zote zina idhini. Fundi peke yake asingeliona kwa sababu mfumo haukulalamika. Lilionekana kwa mtu aliyejua kuvuta zile safu na akajua pia idhini inatakiwa ichukue muda gani.

Kuhusu hizi akili mnemba, nimeulizwa mara tatu tangu niingie getini kwa hiyo nitajibu kwa ufupi. Ndiyo, inaandika programu, na kwa kazi za kawaida inaandika vizuri kuliko nilivyokuwa naandika mimi. Ningeiuliza mwaka 2016 namna ya kumwezesha kijana auze wakati stoo inasoma sifuri, ingenionyesha kile kisanduku kwa upole na haraka.

Kuna jambo moja linaniudhi, niliseme kabla mshereheshaji hajanionyesha saa. Wapo waajiri ambao wamelisikia neno mchakato wakalipenda kwa sababu zao. Kijana mmoja anaajiriwa kama mchambuzi wa biashara, anafunga printa, anajibu simu za matawi, anafundisha mfumo, anaandika taratibu, na mshahara ni wa yule wa printa. Hiyo ni kubebesha. Ukipewa cheo hicho, uliza maswali mawili: mchakato upi ni wangu, na nani analazimika kunisikiliza nikisema ubadilike? Wasipokuwa na jibu la swali la pili, umeajiriwa kama fundi mwenye kadi nzuri.

Na waajiri mliopo hapa, mnaotafuta watu hawa vyuoni, tazameni pia ndani. Msimamizi wetu bora kabisa wa mfumo kwa sasa alikuwa karani wa ghala. Hakusoma kompyuta. Tulimfundisha kuvuta taarifa kwa miezi sita. Kumfundisha fundi wa kompyuta anachokijua yule karani kungechukua miaka, nami ni shahidi.

Yule mzee alistaafu 2019. Siku anaondoka alinipa kaunta buku la mwaka ule wa ndoo, nimekuja nalo. Lipitisheni kuanzia safu ya mbele, taratibu, jalada limeanza kuachia. Nyekundu mnazijua tayari. Karibu na mwisho, kurasa za Novemba, mtaona alama za kijani, tisa hivi. Nimezilinganisha na kila kitu kilichomo kwenye mfumo, tarehe, gari, dereva, msambazaji, sijapata zinachofuata. Jana nikampigia simu nimuulize kabla ya kuja hapa. Akacheka sana, akasema hayo si ya kuongea kwenye simu, nije nyumbani.

Jumamosi naenda.